Kisahani Hakikuyumba

Mkono wa kulia wa Shoka ulikuwa na kesi nyingi kuliko wakili. Ukiulizia mtaani habari za yule mwanamke mwenye bucha karibu na kituo cha maji, ulisimuliwa kwanza habari za mkono, kisha habari za nyama, na za moyo wake huenda usizisikie kabisa. Jina lenyewe alipewa machinjioni alikojifunzia kazi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, msichana peke yake kati ya wanaume arobaini, na siku yake ya tatu mmoja wao alimshika kiuno akiwa ameinamia mbavu za ng'ombe. Hakupiga kelele. Aliinua shoka la kupasulia mifupa akalishusha kwenye mkono wa koti la yule bwana, pale pale kwenye gogo, upana wa kidole kutoka kwenye mshipa, akaliacha limesimama, akarudi kwenye mbavu zake. Bwana yule alikaa robo saa hapo gogoni, koti limebanwa, jasho likimtiririka, akiogopa hata kukohoa. Wenzake walicheka mpaka machozi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemshika kiuno, na hakuna aliyemwita tena jina alilopewa na wazazi wake.

Lakini kupiga hakujifunzia machinjioni. Baba yao, fundi viatu, alikuwa akirudi nyumbani na mkanda tayari mkononi, kama wenzake wanavyorudi na mkate. Mama yao alijua kunyamaza tu. Watoto walikuwa wawili, wote wa kike, wamepishana miaka minane. Mwaka Shoka alipotimiza miaka kumi na minne alimkuta baba anamvuta yule mdogo kwa mguu kutoka chini ya kitanda, mtoto ameng'ang'ania tendegu mpaka kucha zinavunjika. Shoka alikwenda jikoni, akarudi na mchi, akamtwanga baba yake kwenye kiwiko. Mfupa ulialika. Mzee akaketi sakafuni akilia kama mtoto mchanga, na mkanda hakuuinua tena mpaka anaingia kaburini. Basi kichwani mwa binti likaingia somo moja: kwamba pigo likipigwa vizuri linamaliza maneno. Somo la pili, kwamba yapo mapigo yanayoanzisha maneno, hakuna aliyemfundisha.

Bucha yake ilikuwa safi kuliko zahanati. Vigae vyeupe, ndoano zimepangwa kwa urefu, mizani inayosema kweli, na sakafuni unga wa mbao aliouchukua kila Jumatatu kwa seremala na kuuanika juani kabla ya kuumwaga, ili unywe damu vizuri. Mteja aliyebonyezabonyeza nyama bila nia ya kununua aliambiwa achague moja, kilo au kidole. Dereva mmoja aliyemsukuma bibi kizee kwenye foleni alitolewa nje kwa sikio, na sikio likaenda kushonwa. Watu walimwogopa, lakini walirudi, maana nyama ilikuwa nzuri na foleni ilikuwa na adabu.

Aliyempeleka kwenye gofu ya visahani ni mdogo wake, aliyekuwa sasa fundi cherehani. Nyuma ya tanuri la matofali lililozimwa zamani palikuwa na uwanja wa majani na miti, na mwalimu mmoja mstaafu wa michezo alikuwa amesimika huko vikapu tisa vya ringi za baiskeli na minyororo. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza: unasimama juu ya bamba la saruji, unarusha kisahani chako, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kigonge minyororo na kutumbukia kikapuni. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Sheria kubwa ni moja. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayerusha, na wengine wote husimama nyuma yake, awe mzee, awe tajiri. Kisahani kikipotea njia, mrushaji hupiga kelele "Kichwa!" na kila mtu hujikunyata. Maana visahani hivi si vile laini vya watoto. Ni vizito, ukingo wake mwembamba, na kikitoka kwenye mkono unaojua kazi kinaweza kumlaza mbuzi.

Mdogo mtu ndiye aliyekuwa mchezaji hasa. Mwembamba, vifundo vya mikono kama vya mtoto, lakini kisahani chake chekundu kilikwenda hatua mia moja kimenyooka kama meza. Mwalimu aliwasimamisha wengine watazame. "Hakiyumbi," alisema. "Kisahani kikiteleza kinatoka mkononi mapema, kinayumba, kinadondoka kushoto. Kikienda bila kuyumba, jueni mkono ulijua unakokwenda."

Shoka hakuwa na ufundi huo, alikuwa na nguvu tu. Ila mvua ikinyesha, wote walikuwa wake. Wenzake walihangaika na vitambaa, wanafuta, wanakausha, wanalaani. Yeye alivaa kiunoni kifuko cha unga wa mbao uliokaushwa vizuri, alitumbukiza vidole kila kabla ya kurusha, na mkono uliozoea mafuta na damu haukuteleza. Jumamosi za mvua alirudi bucha amelowa chapachapa, ametulia, na wateja wakajua kwamba Jumatatu hiyo hata ukichagua nyama nusu saa hakuna atakayekusema.

Kisha mdogo wake akaolewa na dalali wa nyumba. Mwanaume nadhifu, viatu vinang'aa, mdomo wake ndio duka lake. Angeweza kukupangisha banda la kuku ukatoka hapo unamshukuru. Shoka alimkubali shingo upande. Haukupita mwaka, mdogo mtu akaja na jicho limevimba, akasema amejigonga kwenye kabati. Mara ya pili, kabati lile lile. Mara ya tatu Shoka alifunga bucha saa nne asubuhi, akachukua mguu wa ng'ombe wenye kwato, akautia begani, akatembea nao barabarani katikati ya watu mpaka ofisini kwa shemeji yake. Mle ndani walikuwamo mume na mke waliokuja kutafuta nyumba ya vyumba viwili. Shoka aliwasalimia vizuri, akawaomba wasogee, kisha akamtandika Dalali kwa ule mguu mgongoni, mapajani, mabegani, mpaka kalenda ikaanguka ukutani na yeye akaingia chini ya meza. Mume na mke wale walitafuta nyumba kwingine. Nyama ile haikuuzika. Shoka alilala usingizi mzuri siku hiyo, kama alivyolala baada ya kumpiga baba yake.

Siku tatu baadaye Dalali alimwita mkewe mlangoni. Akaushika mkono wake wa kulia, akauweka kwenye upande wa bawaba, akaufunga mlango. Hakuubamiza. Aliusukuma polepole kwa bega, huku akimtazama usoni, mpaka kifundo kikavunjika sehemu mbili.

"Hii mpelekee dada yako," akamwambia.

Shoka alifika hospitali na kisu ndani ya mfuko wa nguo. Mdogo wake, mkono umo kwenye plasta, alimshika ukosi kwa mkono uliobaki.

"Dada, ukimgusa tena, mimi na wewe basi."

"Namuua leo."

"Utamuua, utafungwa, nami nitabaki sina mtu. Usipomuua ndiyo mbaya zaidi, atarudi nyumbani, na aliyeko nyumbani ni mimi. Hujaona bado? Kila ukimpiga yeye, unanipiga mimi."

"Hama. Njoo ukae kwangu."

"Niapie kwanza."

Shoka aliapa. Aliapa akilia, na watu waliomfahamu hawakuwahi kuliona chozi lake. Hakuwa na mume wala mtoto. Mambo hayo yalimpita akiwa anamlea huyu mmoja, akimlipia ada, akimnunulia cherehani ya kwanza kwa nyama ya mwaka mzima. Akimkosa huyu, amekosa kila kitu, na alilijua hilo kama anavyojua uzito wa kilo. Mdogo mtu kweli alihamia chumba cha nyuma ya bucha, mara mbili. Mara mbili Dalali alikuja na maneno yake matamu, akamrudisha. Kifundo kilipona kikiwa kimepinda. Aliweza kushona, tena polepole, lakini kisahani hakukirusha tena.

Miaka miwili Shoka alikitunza kiapo. Alipokutana na shemeji yake alitia mikono mfukoni kabisa, na ndani ya mfuko alikunja ngumi mpaka kucha zikamchana. Dalali aliijua ile ngumi. Ilimfurahisha. Alikuwa kama mtu anayecheza na mbwa aliyefungwa mnyororo, na mwaka huo wa pili akaamua kuusogelea mnyororo zaidi: akaanza kuja Jumamosi kwenye gofu ya visahani, amebeba kisahani chekundu cha mkewe.

"Mwenyewe hakihitaji tena," alisema siku ya kwanza, akakizungusha kidoleni. "Au vipi, Shemeji?"

Mwalimu alitaka kumkatalia. Shoka akasema mwacheni, uwanja si wangu.

Jumamosi yenyewe ilianza na wingu jeusi lililokaa chini sana, na walipofika kikapu cha pili mvua ikaachiliwa. Mvua ile haikunyesha, ilipiga. Iliyavunja majani, ilipasua udongo, iliwachapa usoni wakashindwa kufungua macho. Wachezaji wengine walikimbilia tanurini. Walibaki wanne: Mwalimu, kwa sababu ya ukaidi wa uzee, Kinyozi wa pale sokoni, kwa sababu alikuwa anashinda kwa mara ya kwanza maishani, Shoka, kwa sababu mvua ilikuwa yake, na Dalali, kwa sababu Shoka amebaki.

Kwenye kikapu cha nne Dalali alikaa juu ya kisiki, akavua kiatu, akaanza kukwangua tope kwa ukingo wa kisahani chekundu. Shoka alitazama pembeni.

"Jana kaniunguzia shati kwa pasi," Dalali alisema, kama anayeongea na kiatu. "Shati jipya. Sikumfanya kitu, msiniangalie hivyo. Nilimwonyesha tu mlango. Nikamuuliza, mama, unaukumbuka huu? Ungemwona alivyoukumbuka!"

Kinyozi alicheka kidogo kwa woga, kisha akajuta kucheka. Mwalimu alisema, "Bwana, tunacheza au tunaongea?" Shoka alitoa mkono mfukoni, akautazama, akaurudisha. Alihesabu vikapu vilivyobaki. Vitano tu, alijiambia, halafu unakwenda zako nyumbani.

Kikapu cha saba kimejificha nyuma ya ukuta wa tanuri. Shoka alirusha vibaya, kisahani chake cheusi kikagonga mti na kuanguka njiani, hatua kama thelathini kabla ya kikapu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mbali, yeye ndiye wa kurusha, na sheria ilikuwa wote wakae nyuma yake. Mwalimu na Kinyozi wakakaa. Dalali akapita. Alitembea mbele taratibu, akaenda kusimama chini ya kipande cha bati kilichobaki kwenye lile paa bovu, hatua tatu upande wa kulia wa kikapu, akawageukia, akatoa kitambaa, akaanza kujifuta shingo.

"Rudi nyuma, bwana!" Mwalimu alipiga kelele. "Unasimama mbele ya mrushaji!"

"Mvua yote hii, mzee? Arushe tu, mimi nipo pembeni." Kisha akamtazama Shoka, akatabasamu, meno yake mazuri yote yakaonekana. "Rusha basi, Shemeji. Au na wewe mkono umebanwa na mlango?"

Mvua iliendelea. Shoka aliinama, akaokota kisahani, akakifuta kwa kitambaa kikavu alichokiweka ndani ya shati, juu na chini. Akaifuta mikono, kidole kwa kidole. Akafungua kifuko, akatumbukiza vidole vinne kwenye unga wa mbao, akavigeuza geuza. Kinyozi alisema baadaye kwamba alifanya yale yote kwa utulivu mno, kama mtu anayepima nyama ya mteja mwenye heshima. Kisha akajikunja, kiuno kikatangulia, bega likafuata, mkono ukaja wa mwisho.

Kisahani kilikwenda kimenyooka. Hakikupanda, hakikushuka. Kwa miaka yote aliyocheza Shoka hakuwahi kurusha vile, na pale pale, kabla hakijafika, alihisi utamu mwili mzima.

Kilimpata mdomoni. Shoka amesikia mifupa mingi ikivunjika, akatambua kwa sauti tu: taya, tena pande zote mbili. Dalali alidondoka chali, kisogo kikagonga matofali. Mikono ikatapatapa kwenye matope ikitafuta kitu cha kushika. Alipogeuka na kuinua kichwa, kidevu kilikuwa kimehama mahali pake, mdomo umekuwa shimo, na damu ilimwagika kifuani na mvua ikaiosha na nyingine ikamwagika. Alitema. Jino moja, mawili, na kipande cha kitu ambacho hakikuwa jino.

"Kichwa," akasema Shoka. Alisema kwa sauti ya kawaida, kichwa chenyewe kikiwa tayari kiko chini.

Dalali alinyanyuka kwa magoti, akaokota tofali, akaja. Alikuja akikoroma, macho yamemtoka, tope mpaka kiunoni, na nusu ya njia mguu ukateleza akaanguka kwa uso ule ule uliovunjika. Mlio alioutoa haukuwa wa mtu. Shoka hakusogea hatua. Mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye begi na kutoka na kisahani cha pili, na vidole vilikuwa vinatafuta kifuko. Angerusha. Wala usidhani angesita. Alikuwa anachagua tu, koo au jicho.

Mwalimu akamshika kifundo cha mkono. Mzee wa miaka sabini na moja, alimshika kwa mikono yote miwili.

"Cha kwanza kimeteleza," alimwambia sikioni, polepole. "Unanisikia, binti yangu? Kimeteleza, mvua. Cha pili hakitateleza."

Shoka alimtazama mzee, akayatazama macho yake, akaelewa kwamba ameona kila kitu. Akakiachia kisahani kikaanguka.

Hospitali walimfunga Dalali kichwa chote kwa bendeji, wakampangia chumba cha upasuaji Jumatatu. Askari alikuja saa tisa alasiri, mtu mnene mwenye koti la mvua lililokuwa likichuruzika, akaketi kwenye benchi nje ya wodi na kitabu chake gotini. Mwalimu akasema kimeteleza. Kinyozi akasema hakuona, alikuwa anafuta miwani. Na kweli aliivaa miwani hapo hapo, ingawa hakuna aliyewahi kumwona nayo. Shoka aliulizwa akasema, "Mvua ilikuwa kubwa." Dalali, asiyeweza kufungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliomba karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: AMEKUSUDIA. Akapigia mstari mpaka karatasi ikachanika.

Ndipo mdogo mtu akafika. Alikuwa ametoka kazini mbio, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni, sketi imelowa mpaka magotini. Aliingia wodini, akasimama kitandani kwa mumewe, akamtazama muda mrefu. Dalali akamwonyesha ile karatasi. Aliisoma, akairudisha mahali pake kwa uangalifu, akatoka.

"Wewe ni mke wa majeruhi," askari alisema, "na ni ndugu wa mtuhumiwa. Nikuandike upande gani?"

"Niandike fundi cherehani."

Askari alimwangalia, akaandika. "Wanasema ulikuwa mchezaji mzuri kuliko hawa wote. Mimi mchezo huu siujui. Niambie kitaalamu: kitu hiki kinaweza kumteleza mtu kikaenda kumvunja mwenzake taya?"

"Naomba nikione."

Akapewa kile kisahani cheusi. Alikigeuza kwa mkono wake uliopinda. Chini, kwenye ukingo wa ndani ambapo vidole hushika, palikuwa pamegandia unga wa mbao uliolowa, alama nne, zimekaa pale pale bila kuburuzika. Shoka aliziona kutoka upande wa pili wa korido, akajua na mwenzake ameziona. Mdogo mtu akapitisha pindo la sketi yake humo ndani, mara moja, mara mbili, kama anayefuta maji tu.

"Kinaweza," akasema. "Mvua kama hii hata mimi kingenitoka. Halafu yeye alisimama mbele ya mrushaji. Hilo mtoto mdogo halifanyi."

"Kwa hiyo ni ajali."

"Ni ajali."

Askari aliandika neno hilo, akafunga kitabu, akamtaka Shoka afike kituoni Jumatatu kutia sahihi, akaenda zake. Mwalimu na Kinyozi wakaaga. Shoka alibaki na mdogo wake koridoni, na moyo ulimjaa akashindwa kuuzuia. Ameokoka. Zaidi ya kuokoka, ametetewa. Akamwendea kwa mikono miwili.

"Mdogo wangu..."

"Usinishike."

Shoka akasimama.

"Kiliteleza?" mdogo mtu akauliza.

"Si umeshamwambia askari?"

"Nimemwambia askari. Wewe niambie mimi."

"Hakikuteleza."

"Kiliyumba?"

"Hakikuyumba hata kidogo." Shoka alijisikia alivyolitamka, akasikia majivuno ndani yake. Akaharakisha. "Ungesikia aliyoyasema! Kasema habari za mlango, mbele ya watu, anacheka. Kakwangua tope kwa kisahani chako. Mtu gani angevumilia? Na sasa limekwisha, hana mdomo, hana nguvu, leo unatoka humu na mimi moja kwa moja, nimekukomboa..."

"Dada." Alisema kwa upole. "Nina swali moja tu. Kilipokuwa kinatoka mkononi mwako, uliniwaza mimi?"

Shoka alifungua mdomo aseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa jibu lake maisha yake yote. Yote aliyofanya si ni kwa ajili ya huyu? Lakini kwa mtoto huyu hakuwahi kusema uongo, na alipoirudia ile dakika kichwani aliona mvua, aliona vidole kwenye unga, aliona meno meupe chini ya bati, akauona ule utamu. Alitafuta kila pembe. Kiapo hakikuwamo. Mdogo wake hakuwamo.

"Sikukuwaza," akasema.

Mdogo mtu akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimwa na kuambiwa ugonjwa alioujua. "Na yeye huwa haniwazi. Nilimuuliza siku ile, nikiwa chini pale mlangoni. Alinijibu hivyo hivyo, Dada. Sauti hiyo hiyo."

"Usinifananishe na yule mbwa!"

Ilikuwa kelele, ikajaa korido nzima. Na mkono ulikuwa umenyanyuka. Shoka hakuunyanyua, ulinyanyuka wenyewe, ule wa kulia, usawa wa uso, kiganja wazi, na aliuona huko juu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mbele yake mdogo wake alikuwa tayari amegeuza shavu, amefumba macho, bega limepanda kulinda sikio. Amefanya yote hayo haraka na vizuri, kama mtu aliyezoea kazi.

Walikaa hivyo. Muuguzi aliyekuwa akisukuma toroli la dawa alisimama, asijue apite au asipite.

Mdogo mtu akafumbua jicho moja, kisha la pili. Akaona mkono haujashuka. Akaivua futi shingoni, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

"Usinitafute," akasema. "Na huyo aliyeko ndani, akipona, mwambie asinitafute."

Aliupita mlango wa wodi bila kuugeukia. Akampita dada yake kwa upande wa ukutani, akiacha nafasi katikati yao. Shoka alisikia viatu vyake vilivyolowa mpaka mwisho wa korido, kisha mlango wa nje, kisha mvua tu. Muuguzi akamwomba asogee kidogo, toroli lipite.